Kwa nini profesa anayekiongoza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huitwa "Makamu"?

Siku ya mahafali, mzazi aliyesafiri kutoka mkoani kumshuhudia mwanawe huuliza swali la haki kabisa: huyu profesa anayetambulishwa kama Makamu Mkuu wa Chuo, mkuu wake ni nani?

Ni Mkuu wa Chuo, yule anayetunuku shahada. Tangu 2016 nafasi hiyo alipewa Rais mstaafu Jakaya Kikwete. Ila bajeti, mitihani, hata wanafunzi wakigoma, vyote huishia mezani kwa Makamu. Tumeurithi utaratibu huu Uingereza, ambako Mkuu wa Chuo ni cheo cha heshima na makamu wake ndiye mtendaji.

Mwanzoni haikuwa hivyo. Mwaka 1961, kilipofunguliwa katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na Cranford Pratt, Mkanada, alikuwa mkuu wake hasa. Wilbert Chagula akampokea. Umakamu ulikuja 1970 chuo kilipojitegemea, na wa kwanza kuushika, Pius Msekwa, hakutoka darasani bali kwenye uongozi wa TANU.

Siku hizi njia hupitia darasani, na ni ndefu. Kijana aliyefaulu vizuri hubakizwa chuoni kama mkufunzi msaidizi, kisha mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, ndipo profesa. Bila machapisho huvuki. Uongozi una ngazi yake pembeni: mkuu wa idara, amidi anayeongoza kitivo au shule, rasi anayeongoza ndaki, yaani chuo kidogo ndani ya chuo kikuu. William Anangisye alikuwa rasi wa DUCE, chuo kishiriki cha elimu kilichoko Chang'ombe, kabla ya kuteuliwa Makamu mwaka 2017. Kabla yake alikuwepo Rwekaza Mukandala wa sayansi ya siasa, na kabla ya huyo Matthew Luhanga, mhandisi, aliyeongoza tangu 1991 hadi 2006.

Kwangu mimi tofauti kubwa iko hapa: uprofesa mtu huupata kwa kazi yake mwenyewe, umakamu hupewa kwa uteuzi na una muda wake. Nao una gharama tusiyoizungumzia vya kutosha. Profesa aliyezoea kushinda maktaba sasa anashinda vikaoni, na mwanafunzi wake wa uzamivu, aliyekwisha wasilisha sura ya tatu, anasubiri zamu kwa katibu muhtasi pamoja na wakandarasi wa mabweni.