Hyderabad, mji wa majabali na malambo

Mtanzania au Mkenya akiusikia mji wa Hyderabad, mara nyingi linalomjia kwanza ni biriani, kisha hospitali ambako jamaa fulani alipelekwa kutibiwa, kisha vyuo vikuu. Kazi yangu mimi ni haidrolojia ya miji, kwa hiyo huwa nauangalia mji huo kwa kuanzia chini: mvua ikinyesha maji yake huenda wapi, nani aliyajengea tuta yakatuama, na nani baadaye aliikata ardhi ya hapo viwanja akaiuza. Nikifuata njia hiyo naona kwamba historia ya Hyderabad, kuanzia enzi za masultani hadi zama hizi za makampuni ya programu za kompyuta, hueleweka vizuri zaidi kwa kuyafuata malambo yake kuliko majumba ya wafalme, ingawa majumba ndiyo yanayopigwa picha.

Mji huu ni makao makuu ya jimbo la Telangana nchini India, na uko katika uwanda wa juu wa Deccan, takriban mita 540 kutoka usawa wa bahari. Umekaa juu ya graniti yenye umri wa miaka bilioni 2.5 hivi, ambayo jua na mvua vimeichonga ikawa majabali ya mviringo yaliyopandana. Msomaji aliyewahi kufika Mwanza anajua ninachosema. Jiwe la namna hii linafaa kwa ngome lakini linatesa wachimba visima, kwa sababu maji hukaa tu katika tabaka la juu lililochakaa na katika nyufa zilizo chini yake, na ukichimba pasipo na ufa unaweza kwenda mamia ya futi ukaambulia vumbi. Mvua ni milimita 800 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Juni na Oktoba, ikiletwa na upepo uleule ambao watu wa pwani yetu wanauita kusi. Miezi inayobaki ni mikavu, na Aprili na Mei joto hupita nyuzi 40 mara kwa mara. Mto Musi, unaoupasua mji katikati na kwenda kuungana na Mto Krishna, kwa asili yake ni mto wa msimu.

Jawabu la wenyeji wa Telangana kwa hali hiyo lilikuwa lambo, ambalo kwa Kitelugu huitwa cheruvu, na ufundi wake ulikuwa umekomaa tangu enzi za wafalme wa Kakatiya wa Warangal, karne kadhaa kabla Hyderabad haijaanzishwa. Fundi alitafuta bonde lenye mteremko mdogo, akajenga tuta la udongo mahali bonde linapobanwa na majabali, akaweka mlango wa kutolea maji ya mashamba, na pembeni akaacha kizingiti kilicho chini kidogo kuliko kichwa cha tuta, ili maji yanayozidi yapitie hapo badala ya kulivunja tuta lenyewe. Maji hayo yaliyozidi yaliongozwa kwa mfereji hadi lambo la chini yake, na kutoka hilo hadi lililo chini zaidi, mpaka mtoni. Ndiyo maana mimi huuhesabu mfululizo mzima wa malambo kuwa mtambo mmoja: ukiziba mfereji mmoja tu, lambo la chini hukauka na la juu hufurika.

Ngome ya Golconda, kiasi cha kilomita 11 magharibi ya jengo maarufu la Charminar, ndiyo iliyokuwa makao ya masultani wa ukoo wa Qutb Shahi, na ilitegemea maji ya lambo la Durgam Cheruvu. Katika miaka ya 1560, wakati wa Sultani Ibrahim, lambo kubwa la Hussain Sagar lilijengwa kaskazini ya Musi, likalishwa kwa mfereji uliochepusha maji ya mto huo. Mwaka 1578 likajengwa daraja la mawe, ambalo leo huitwa Purana Pul. Mwaka 1591, ngome ikiwa imejaa watu na maji yakiwa haba, mwanawe Muhammad Quli alianzisha mji mpya ng'ambo ya kusini ya mto, akasimamisha katikati yake Charminar, jengo la minara minne yenye kimo cha mita 56 hivi, huku mpango wa barabara ukiongozwa na waziri wake mwenye asili ya Iran, Mir Momin Astarabadi. Mfuatano huo unastahili kuangaliwa: lilianza lambo, likafuata daraja, na mji ukaja wa tatu. Miji mingi ninayoifanyia kazi ilikwenda kinyume, na inalipia mpaka leo.

Sitakaa sana kwenye karne zilizofuata. Aurangzeb, mfalme wa Wamughal wa kaskazini mwa India, aliiteka Golconda mwaka 1687 baada ya kuizingira kwa miezi minane. Mwaka 1724 ukaanza utawala wa ukoo wa Asaf Jahi, ambao watawala wake waliitwa Nizam. Kutoka wakati wao ninalopenda kuliko majumba yote ni lambo la Mir Alam, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 19, ambalo ukuta wake si mstari mnyoofu: ni matao 21 ya nusu duara yaliyolala ubavu, kila moja likiwa limeuelekezea mgongo mzigo wa maji, hivi kwamba maji yanavyosukuma ndivyo mawe yanavyozidi kubanana. Ukuta huo bado umesimama.

Siku ambayo mtambo wa malambo ulishindwa ni tarehe 28 Septemba 1908. Shamshabad, mahali ulipo uwanja wa ndege wa kimataifa hivi sasa, ilipata inchi 12.8 za mvua kwa saa 24, yaani kiasi cha asilimia 40 ya mvua ya mwaka mzima. Katika eneo linalomwagia Musi maji kulikuwa na malambo 788, na 221 kati yake yalivunjika. Ukijua jinsi yalivyopangwa, huhitaji kuelezwa kilichotokea: tuta la juu likivunjika, lambo lake lote humiminika kwa mpigo ndani ya la chini ambalo tayari limejaa, nalo huvunjika, na kila hatua wimbi huongezeka. Mto uliingia mjini ukachukua madaraja matatu, ukaacha Purana Pul, na idadi ya waliokufa inayotajwa kwa kawaida ni watu 15,000. Katika viwanja vya Hospitali ya Osmania upo mkwaju ambao kwa mujibu wa kumbukumbu za mji uliwaokoa watu wapatao 150 waliopanda matawini mwake.

Aliyeitwa kutafuta dawa alikuwa mhandisi M. Visvesvaraya, na pendekezo lake mpaka leo nalifundisha. Wengi wangekimbilia kuinua kingo za mto mjini. Yeye alisema maji yazuiwe juu ya mji, katika mabwawa mawili makubwa ambayo sehemu ya ujazo wake itaachwa tupu kwa ajili ya kupokea mafuriko, na sehemu inayobaki inyweshe mji. Osman Sagar juu ya Musi likakamilika mwaka 1920, na Himayat Sagar juu ya kijito cha Esi mwaka 1927. Sambamba na kazi hiyo, bodi ya uboreshaji wa mji iliyoundwa mwaka 1912 chini ya Nizam wa saba, Mir Osman Ali Khan, ilipanua barabara, ikajenga mifereji ya majitaka, na kando ya mto yakasimama majengo ya Mahakama Kuu na Hospitali ya Osmania. Osman Sagar watu huliita zaidi Gandipet, na Wahyderabadi husema kwamba aliyekwisha kunywa maji ya Gandipet hawezi tena kuuhama mji.

Kaskazini ya Hussain Sagar uko mji pacha wa Secunderabad, ulioanzishwa mwaka 1806 kama kambi ya jeshi la Waingereza. Huko, tarehe 20 Agosti 1897, Ronald Ross alikiona kimelea cha malaria ndani ya tumbo la mbu, ugunduzi uliompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Siku ya Mbu Duniani, ambayo wizara zetu za afya pia huiadhimisha, imetokana na tarehe hiyo.

Kusini-magharibi ya Hussain Sagar kuna mtaa uitwao Masab Tank, ambao jina lake linataja lambo ingawa lambo lenyewe halipo tena, na pembeni yake upo mtaa wa A.C. Guards. Huo wa pili unatuhusu. Herufi hizo ni kifupi cha kikosi cha wapanda farasi wa Kiafrika waliokuwa walinzi wa Nizam, Masiddi, ambao wazee wao walitoka Afrika, hasa upande wa mashariki, na ambao vizazi vyao wangali wakiishi hapo. Upande wa kusini mwa mji wa kale uko mtaa wa Barkas, wenye wazao wa askari wa Kihadhrami, watu wa Hadhramaut ileile iliyozileta koo nyingi Lamu, Mombasa na Unguja. Ndiyo sababu halimu ya Hyderabad, ngano na nyama iliyopondwa kwa saa nyingi na kuliwa hasa Ramadhani, haitamshangaza mtu aliyekulia kwenye bokoboko. Tofauti iko kwenye viungo, maana Wahyderabadi hawana huruma na pilipili. Biriani yao ndiyo itakayomshangaza, kwa sababu hawapiki rojo peke yake na wali peke yake kama tunavyofanya pwani: nyama mbichi iliyolowekwa kwenye mtindi hutandazwa chini ya sufuria, wali uliopikwa nusu ukawekwa juu, kifuniko kikazibwa kwa unga uliokandwa, na vyote vikaiva pamoja kwa mvuke.

Utawala wa Nizam uliondolewa na jeshi la India mnamo Septemba 1948. Mwaka 1956 mji ukawa makao makuu ya Andhra Pradesh, na tarehe 2 Juni 2014 ukawa wa Telangana, jimbo jipya lililokatwa kutoka lile la zamani, huku majimbo yote mawili yakiruhusiwa kuutumia kwa muda usiozidi miaka 10. Lakini kilichoubadilisha mji ardhini ni HITEC City, eneo la makampuni ya kompyuta lililozinduliwa mwaka 1998 upande wa magharibi, katikati ya majabali na malambo. Majabali yalilipuliwa kwa baruti. Malambo yaliondoka kwa njia ya kimyakimya zaidi, na hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Kwa desturi ya zamani, ardhi ya kingo za ndani za lambo, iitwayo shikam, ilikuwa na wenyewe: maji yakishuka wakati wa kiangazi, mkulima mwenye hati alilima hapo, na mvua ikirudi aliiachia maji. Mpango huo ulikuwa wa busara maadamu kilichopandwa ni zao la miezi mitatu au minne. Mji ulipofika, hati ileile iliuzwa kama hati ya kiwanja, mara nyingi katika mwaka wa ukame ambapo mnunuzi aliona uwanda mkavu, na nyumba haing'olewi mvua inaporudi.

Sensa ya 2011 ilihesabu watu milioni 6.8 ndani ya mipaka ya manispaa, wakati huo yenye kilomita za mraba 650. Usiku wa tarehe 13 Oktoba 2020 mji ulipata zaidi ya milimita 190 za mvua, na katika mvua za mwezi huo tuta la Gurram Cheruvu, jirani na Barkas, likapasuka, maji yakauzamisha mtaa wa Hafiz Baba Nagar. Mvua ya tarehe 13 ilikuwa kubwa, lakini ya 1908 kule Shamshabad iliizidi kwa mbali. Kilichoiongezea madhara ni kwamba mifereji iliyokuwa ikiunganisha lambo na lambo ilikuwa imezibwa kwa nyumba. Julai 2024 serikali ya jimbo iliunda chombo kiitwacho HYDRAA, chenye kazi, miongoni mwa nyingine, ya kubomoa majengo yaliyoingia malamboni. Kihaidrolojia sina ubishi nacho. Hata hivyo mtu aliyenunua kiwanja kwa hati yenye mhuri, akajenga kwa kibali na kulipia kodi ya jengo miaka yote, si mvamizi, na ubomoaji unaoanzia kwake bila kumgusa aliyemgongea mhuri unaiacha nusu ya tatizo mahali pake.

Majumbani mwa Hyderabad, maji hupangiwa ratiba. Katika mitaa mingi bomba hutoa siku moja na kuruka siku moja, kwa saa chache, na kila jengo la ghorofa lina tanki chini ya ardhi na jingine juu ya paa. Ni mlinzi wa getini anayejua saa ya maji, anayewasha pampu, na anayeitwa tanki likifurika. Tangu 2021 kila kaya inaweza kupata lita 20,000 kwa mwezi bila malipo. Ikifika Aprili, visima vya graniti hukatika na maboza ya maji hupanga foleni mbele ya maghorofa, hata yale ya watu wenye nacho. Mvua zikielekea kwisha ni zamu ya Bathukamma, siku tisa ambapo wanawake hupanga maua ya tangedu na gunugu ngazi kwa ngazi, huyazunguka wakiimba na kupiga makofi, kisha huyaweka juu ya maji ya lambo. Mahali ambapo lambo limekwisha kujengewa, manispaa huchimba vidimbwi vya muda.

Sehemu kubwa ya maji ya bomba sasa hutoka Mto Krishna na Mto Godavari, zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini, na husukumwa kwa pampu kupanda uwanda, jambo linalokula umeme usiku na mchana. Osman Sagar na Himayat Sagar, mabwawa ya Visvesvaraya, yako juu ya mji, na maji yake hushuka yenyewe kwa mteremko. Amri ya serikali namba 111 ya mwaka 1996 ilikataza ujenzi mkubwa katika vijiji 84 vilivyo ndani ya kilomita 10 kutoka mabwawa hayo. Aprili 2022 serikali ya jimbo iliyaondoa makatazo hayo kwa hoja kwamba mji hauyategemei tena kwa kunywa. Hoja hiyo inahesabu lita zinazoingia mabombani na kuisahau ile nafasi tupu iliyoachwa juu kabisa ya mabwawa kwa ajili ya mafuriko, ambayo ndiyo iliyokuwa sababu ya kuyajenga.