Dawa za Cheti cha Daktari kwa WhatsApp: Wanavyosema na Ilivyo Kweli

"Boksi lina muhuri, hiyo orijino." Jamani, boksi ndo kitu rahisi kuliko vyote kuiga. Mama mdogo aliagiza vidonge vya presha kwa muuzaji wa Instagram, bodaboda akaleta mpaka mlangoni, na bei ilikuwa chini kuliko famasi. Siku nimeenda kumsalimia nikalishika lile boksi, namba ya bachi (namba ya toleo la dawa) ya juu na ya kwenye pakti ya ndani hazifanani, tarehe ya kuisha ni stika, nikaikwangua kwa kucha ikabanduka, chini yake kuna mwaka mwingine kabisa. Kidonge ukikibonyeza kinakuwa unga. Na alikuwa anameza kila asubuhi bila kuruka hata siku moja, tukampima presha, 180 kwa 110, iko juu sana. Iliniuma sana.

"Feki ni unga tu, haiponyi wala haidhuru." Presha isiyotibiwa inaleta kiharusi, sasa hapo haijadhuru? Na feki nyingine zina dawa tofauti ndani. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutide feki, ile sindano ya kisukari ambayo watu wanaikimbilia kupunguza uzito, zimekamatwa Brazil, Uingereza na Marekani, likasema nyingine zinaweza kuwa na insulini. Mtu asiye na kisukari akijidunga insulini sukari inashuka, anaweza kuzimia au kufa.

Halafu hata kama sindano ni ya kweli, insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae nyuzi 2 hadi 8, we fikiria imeshinda kwenye begi la bodaboda na jua la Dar.

"Cheti ni njia ya hospitali kula hela." Hapana. Daktari anakuuliza una mimba, figo zikoje, unatumia dawa gani nyingine, na kila swali lina sababu yake. Losartan na enalapril ni dawa nzuri za presha lakini zinaweza kuharibu figo za mtoto aliye tumboni. Sildenafil, ile dawa ya nguvu za kiume (Viagra), ukichanganya na dawa za moyo za naitreti presha inaporomoka vibaya, na hiyo sildenafil imeshakutwa imefichwa kwenye "dawa za asili" za nguvu za kiume, kwa hiyo mzee anameza bila kujua.

"Basi kila anayeuza mtandaoni tapeli." Nayo siyo kweli, zipo famasi zilizosajiliwa zinaleta nyumbani. Tofauti ni kwamba wana jengo unaloweza kwenda, wana mfamasia unayeongea naye, na wanataka cheti. Asiyeuliza cheti achana naye. Ukishatilia shaka usitupe boksi, peleka TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu, na siku hiyohiyo muone daktari akupe dawa nyingine, usikae bila dawa. Mama mdogo tulimpeleka jioni ileile na boksi lake mkononi.