Ushahidi wa utafiti: tunaudai kwenye kahawa, tunausahau kwenye watoto

Ushahidi wa utafiti ni jibu lililotafutwa kwa njia ambayo ingeweza kumuumbua aliyelitafuta. Kama matokeo hayakuwa na namna yoyote ya kukugeuka, ulichonacho ni maoni, hata ukiyapanga kwenye jedwali la rangi.

Watu wa Kibosho, Machame na Marangu, kwenye kahawa ya Kilimanjaro, hawana haja ya kufundishwa jambo hili. Kituo cha utafiti wa kahawa kipo Lyamungo tangu 1934, na leo ndiko yaliko makao ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania. Miche bora inayotoka pale ilijaribiwa kwanza pembeni ya aina za zamani, ikahesabiwa ipi inashikwa na magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani na ipi inahimili. Mkulima anayefikiria kung'oa mibuni ya babu yake atauliza hiyo mipya imejaribiwa wapi na imezaa kiasi gani. Mtu huyohuyo Jumamosi anakwenda kikao cha wazazi, anaambiwa mwanawe atalala kambi shuleni mpaka mtihani na mchango ni kiasi fulani, naye haulizi swali hata moja la aina ile.

Tukitazame kikao chenyewe. Chukua sekondari yoyote ya Moshi mjini. Mkuu wa shule anasimama, anawashukuru wazazi, anasema: mwaka jana tulianza kambi ya kidato cha nne, divisheni wani zikaongezeka, kwa hiyo mwaka huu tunaendelea. Makofi. Huenda kambi imesaidia kweli. Lakini shule jirani ambazo hazikuwa na kambi zilifanyaje mwaka huohuo? Kama nazo zimepanda, pengine mtihani ulikuwa mwepesi. Na waliokaa kwenye mtihani ni walewale walioanza kidato cha kwanza, au wenye alama za chini walishaambiwa watafute shule nyingine? (Mzazi mwenye mtoto shule binafsi anaujua mchujo vizuri, ila kikaoni hautajwi.) Tena, waliolala kambini ni wale ambao wazazi wao walimudu mchango, yaani walewale wenye twisheni na taa ya kusomea nyumbani.

Kinachojibu maswali hayo kwa pamoja ni kundi la kulinganisha: wanafunzi au shule zinazofanana na zako kwa kila kitu, isipokuwa hazikupata ule mpango. Kupata kundi la namna hiyo si rahisi, kwa sababu shule inayojitolea kujaribu jambo jipya huwa tayari ina mkuu mchangamfu. Ndiyo maana watafiti huchagua kwa kura ya bahati nasibu. Zinakusanywa shule nyingi zilizo tayari, kura inaamua zipi zianze sasa na zipi zisubiri. Kura haijui mwalimu gani ana bidii wala kijiji gani kina lami. Tofauti kubwa ikionekana baadaye, hapabaki cha kukisingizia zaidi ya mpango wenyewe.

Tanzania imeshafanya jaribio la namna hii, tena kubwa. Mwaka 2013 na 2014, shirika la Twaweza pamoja na watafiti waliendesha KiuFunza katika shule za msingi 350 kwenye wilaya 10. Kundi moja la shule lilipewa ruzuku ya fedha. Lingine, walimu wake waliahidiwa bonasi kwa kila mwanafunzi atakayefaulu majaribio ya kusoma na kuhesabu. La tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata kitu. Ungeniuliza kabla, ningesema pesa itainua alama walau kidogo. Ruzuku peke yake haikuinua alama. Bonasi peke yake ilileta mabadiliko hafifu. Shule zilizopata vyote viwili ndizo ambazo watoto wake walisogea mbele waziwazi, kuliko ukijumlisha faida ya ruzuku na faida ya bonasi kila moja kivyake. Kwa kamati ya shule inayobishana kama mchango ununue vitabu au uwape walimu motisha, hayo ni matokeo ya kuwekwa mezani kabla ubishi haujaanza.

Suala la fimbo ndilo linaloonyesha vizuri zaidi ushahidi unavyofanya kazi. Kanuni zetu zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, na idhini inatoka kwa mkuu wa shule. Kila aliyesoma hapa anajua hesabu hiyo inavyoheshimiwa. Uganda, katika wilaya ya Luwero, shirika la Raising Voices lilipeleka mpango wake wa kupunguza kipigo shuleni kwa mwaka mmoja na nusu. Shule za msingi 42 ziliingia kwenye utafiti, nusu kwa kura zikaanza na nusu zikasubiri. Mpango uliwagusa walimu, wanafunzi na uongozi kwa pamoja: shule inajiwekea malengo, watoto wanashiriki kutunga taratibu, walimu wanajifunza njia nyingine za nidhamu. Matokeo yalichapishwa 2015. Watoto waliosema wamepigwa na mtumishi wa shule katika wiki iliyopita walikuwa wachache kwa mbali kwenye shule zenye mpango.

Sasa njoo Kigoma, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Huko kulijaribiwa mpango mwingine, EmpaTeach, katika shule 27. Ulikuwa wa muda mfupi, walimu wakikutana kwa vikundi kujifunza kutuliza hasira na kuongoza darasa bila fimbo. Ulibuniwa na watu makini, juu ya nadharia nzuri. Matokeo yaliyochapishwa 2021 hayakuonyesha kwamba kipigo kilipungua kuliko katika shule zisizo na mpango.

Kwangu mimi, ripoti ya utafiti wa Nyarugusu ina thamani sawa na ya Luwero. Waliobuni mpango walikubali upimwe, ukapimwa, na jibu lisilopendeza likachapishwa. Shule ya Arusha inayoitisha semina ya siku mbili kuhusu malezi chanya, wakapiga picha ya pamoja na kugawa vyeti, imefanya kitu kinachofanana na kipi kati ya hivyo viwili? Mazingira ya kambi ya wakimbizi yana shida zake, na huwezi kusema ufupi pekee ndio ulioangusha EmpaTeach. Ila hata Luwero haikuwapa ushindi watu wa semina: kule mpango ulichukua mwaka mmoja na nusu na kugusa shule nzima.

Kazini ushahidi una mtego mwingine: namba inaweza kusema kinyume cha unachodhani. Miaka ya 1990 Amy Edmondson, akiwa bado anasomea shahada ya uzamivu Harvard, alichunguza makosa ya kutoa dawa katika wodi za hospitali Marekani. Alitarajia wodi zenye uongozi mzuri na ushirikiano ziwe na makosa machache. Akakuta ndizo zenye makosa mengi kwenye rekodi. Baada ya kuchimba aliona kwamba pengine wodi hizo hazikukosea zaidi. Watu wake waliyasema makosa yao, wakati kwingine yalifichwa. Kutokana na hapo, mwaka 1999 akaandika kuhusu kile kinachoitwa usalama wa kisaikolojia: hali ya timu ambayo mtu anaweza kusema "nimekosea" au "sielewi" bila kuogopa kudhalilishwa.

Ihamishie Arusha, kampuni ya utalii yenye Land Cruiser kadhaa. Dereva anarudi kutoka Serengeti, springi ya nyuma imeanza kulia. Kuna daftari la hitilafu pale ofisini. Lakini anajua aliyeandika mara ya mwisho alikatwa mshahara kwa madai ya kuendesha vibaya, kwa hiyo anampigia fundi wake, wanafunga kwa waya, gari linatoka na wageni alfajiri. Mwisho wa msimu bosi anafungua daftari, anakuta kurasa nyeupe, anafurahi kwamba magari yake ni mazima. Angekuwa na ushahidi kama angelinganisha daftari na risiti za gereji, au na simu zinazopigwa kutoka porini. Makato yakiondolewa na hitilafu zikaongezeka kwenye daftari mwezi wa kwanza, hiyo inaweza kuwa habari njema kuliko zote za mwaka.

Nyumbani swali huwa nani aulizwe. Utafiti mmoja wa Afrika Kusini, katika Eastern Cape, ulihusisha familia 552 zenye vijana wa rika la balehe, kwenye maeneo 40 yaliyogawanywa kwa kura. Wazazi na vijana walihudhuria vipindi pamoja: namna ya kutumia muda na mtoto, kusifia, kupanga bajeti, kumaliza ugomvi. Miezi kadhaa baadaye wazazi walisema ukatili nyumbani umepungua sana. Majibu ya vijana wenyewe hayakuonyesha tofauti iliyo wazi hivyo. Baba akikuambia siku hizi wanaelewana vizuri na kijana wake, umepata nusu ya habari.

Shule isiyo na fedha za watafiti nayo inaweza kujaribu kwa kiwango chake. Kidato cha kwanza kina mikondo minne: kura ichague miwili ianze utaratibu mpya wa nidhamu muhula huu, miwili mingine ianze muhula ujao. Kabla ya kuanza, iandikwe na kusainiwa ni nini kitahesabiwa kuwa mafanikio, na ni matokeo gani yatafanya mpango uachwe. Wanafunzi wajaze karatasi zisizo na jina, na asizikusanye mwalimu wao wa darasa. Wazazi waambiwe mapema. Mikondo minne ni michache, bahati tu inaweza kuleta tofauti, hivyo jibu la muhula mmoja litabaki dokezo. Ila jaribio likivuka mahitaji ya shule yenyewe na kuwa utafiti wa kuchapishwa, kibali kinaombwa COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na likigusa afya linapita pia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba.