Kabla ya kukubali sindano ya mgongo

Malalamiko yanayofika mezani kwetu siku hizi yanafanana: mtu anaumwa mgongo au goti, amechomwa sindano tatu kwenye chumba cha nyuma ya duka, maumivu yamerudi, pesa zimekwisha.

Si kila anayeitwa "dokta" hapa Mombasa ni daktari. Madaktari wana baraza lao, maafisa wa kliniki lao, na wataalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo na mazoezi) lao. Wote wana kazi halali, na kwa wagonjwa wengi wa mgongo fiziotherapia ndiyo itakayowarudisha kazini. Kosa ni mmoja kujiita mwingine.

Leseni ya daktari ni ya mwaka mmoja, na huisha tarehe 31 Desemba. Ile ya zamani iliyotundikwa ukutani kwa fremu nzuri ni pambo tu. Soma jina na mwaka, kisha ulitafute jina hilohilo kwenye rejista ya Baraza la madaktari mtandaoni, na uangalie ubingwa wake. Usishangae ukikuta ni daktari wa dawa za usingizi. Wengi wa tiba ya maumivu walianzia huko. Kituo nacho kina leseni yake, mbali na ya daktari. Anayetibu bila leseni ametenda jinai. Mwenye leseni akikosea, Baraza laweza kumwonya, kumsimamisha au kumfuta kwenye rejista, lakini lalamiko liandikwe, lenye tarehe, risiti na majina ya dawa. "Alinichoma vibaya" haitoshi. Tumelieleza hili mpaka tumechoka.

Mama mmoja wa Likoni alimwaga mkoba wake mezani: pakiti tatu za vidonge kutoka kwa watu watatu. Mbili zilikuwa dawa ileile, diklofenaki, majina tu ya kampuni tofauti. Presha yake ilikuwa juu. Dawa za jamii hiyo huchubua tumbo, huchosha figo na hupandisha presha. Kati ya wale watatu, hakuna aliyemuuliza anameza nini kingine.

Daktari anayejua kazi atakuuliza hayo kwanza. Atauliza pia tangu lini unasali kwenye kiti, kama unaweza kuchuchumaa, maumivu yanakuamsha saa ngapi. Atakugusa, atapima nguvu za miguu. Picha huja baadaye, na tafadhali tuache kudai MRI, picha ya sumaku, siku ya kwanza: watu wengi wasioumwa kabisa nao huonekana na diski (mito laini kati ya pingili za mgongo) zilizochomoza.

Sheria ya Afya ya 2017 inakupa haki ya kuelezwa faida, hatari na gharama kwa lugha unayoielewa, na haki ya kukataa. Uliza sindano ina dawa gani, na baada yake mpango wa mazoezi ni upi. Asiye na jibu la swali la pili anakuuzia sindano tu.

Ila ukipoteza uwezo wa kuzuia mkojo, sehemu za siri zikifa ganzi, au miguu ikilegea ghafla, usitafute bingwa wala usikague rejista. Nenda idara ya dharura iliyo karibu, hata kama ni saa nane za usiku.