Sanduku la Clarkson na makumbusho ya mji wa Wisbech

Wisbech ni mji mdogo wa kaskazini mwa Cambridgeshire, kando ya mto Nene, ndani ya tambarare ya Fens iliyokuwa kinamasi kitupu kabla ya kuchimbiwa mifereji. Watalii wanaokwenda mkoa huo wengi huishia Cambridge, wakapiga picha za vyuo na kurudi London. Mimi kazi yangu ni kuhifadhi vitambaa vya kale, na kwa watu wa kazi hii Wisbech ni jina linalotajwa kwa heshima, kwa sababu ya sanduku moja la mbao.

Sanduku hilo limo katika makumbusho ya mji, Wisbech & Fenland Museum, jirani na kanisa la Mtakatifu Petro na Mtakatifu Paulo, mahali palipokuwa na ngome zamani. Wenyeji waliunda chama cha makumbusho mwaka 1835, na jengo lenyewe likakamilika 1847. Lilijengwa tangu msingi liwe makumbusho, jambo ambalo enzi zile lilikuwa nadra, na makabati yake ya vioo ya karne ya 19 bado yanatumika. Kwa jicho la mhifadhi makabati ya namna hiyo ni baraka na balaa kwa pamoja. Yanapendeza, lakini mbao kuukuu hutoa mvuke wa asidi unaokula madini na nguo polepole, na milango isiyobana huwakaribisha nondo.

Wapenzi wa fasihi huenda pale kwa sababu nyingine. Kasisi mmoja tajiri, Chauncy Hare Townshend, alikuwa rafiki wa Charles Dickens, na Dickens akampa muswada wa riwaya ya Great Expectations, ulioandikwa kwa mkono wake na kujaa mikato na marekebisho. Townshend alipofariki mwaka 1868, hazina yake iligawanywa: sehemu ikaenda makumbusho makubwa ya South Kensington, London, na sehemu ikaja Wisbech. Ndiyo maana muswada huo uko katika mji ambao watu wengi wa London hawawezi kuuonyesha kwenye ramani. Ni kitu kikubwa, sibishi. Ila mimi ningeupita na kwenda moja kwa moja kwenye sanduku.

Mwenye sanduku ni Thomas Clarkson, aliyezaliwa Wisbech mwaka 1760, mtoto wa mwalimu mkuu wa shule ya pale. Mwaka 1785, akiwa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliandika insha ya Kilatini kujibu swali la mashindano: je, ni halali kuwatia watu utumwani bila ridhaa yao? Akashinda. Alikuwa ameandika kwa ajili ya tuzo tu, lakini akiwa njiani kwenda London, karibu na kijiji cha Wadesmill, aliteremka kutoka kwenye farasi akaketi kando ya barabara, akiwaza kwamba kama aliyoyaandika ni kweli basi lazima mtu ayakomeshe. Mei 1787 alikuwa mmoja wa wanaume 12 walioanzisha kamati ya kupinga biashara ya watumwa. Tisa kati yao walikuwa Quaker, dhehebu lile lile ambalo mwaka 1902 lilifungua misheni Kaimosi, magharibi mwa Kenya.

Kamati ilimpa Clarkson kazi ya kukusanya ushahidi. Alizunguka bandari za Uingereza kwa farasi miaka na miaka, akiwahoji mabaharia. Huko Liverpool aliona dirishani mwa duka vyuma vikiuzwa wazi kama bidhaa nyingine yoyote. Alinunua pingu za mikono zilizomfunga mtu kifundo cha kulia na mwenzake kifundo cha kushoto, pingu za miguu za mpango huo huo, na kibanio cha kusaga vidole gumba. Alinunua pia chombo chenye miguu miwili na parafujo, ambacho matabibu walikitumia kufungua kinywa cha mgonjwa wa pepopunda. Mwenye duka alimweleza bila kigugumizi kwamba melini kinawafaa watumwa wanaokataa kula.

Vyuma hivyo ndivyo watu huvikumbuka. Lakini lililofanya sanduku liwe na nguvu ni vitu vizuri vilivyokuwa ndani yake. Mwaka 1787, mtoni Thames, Clarkson alipanda meli iitwayo Lively iliyokuwa imerejea kutoka Afrika bila kubeba mtumwa hata mmoja. Shehena yake ilikuwa bidhaa: pembe za ndovu zilizochongwa, nguo zilizofumwa. Hapo akapata hoja. Wafanyabiashara walikuwa wakidai kwamba bila watumwa Uingereza haina cha kununua Afrika. Clarkson akaanza kukusanya sampuli za kuwakanusha: mbao za aina mbalimbali, pilipili, mbegu, pamba, rangi, ngozi, silaha, vitambaa. Akavipanga sandukuni, na kila alipokwenda kuzungumza na wakubwa akalifungua mbele yao. Waziri Mkuu William Pitt alizikagua sampuli hizo kwa mikono yake akastaajabu, na zilifika pia mbele ya Baraza la Mfalme lililochunguza biashara hiyo mwaka 1788.

Umuhimu wake ulijulikana tangu mapema. Katika picha ya rangi aliyochorwa na Chalon mnamo 1790, ambayo leo iko katika makumbusho ya Wilberforce House mjini Hull, sanduku liko wazi miguuni pake huku bidhaa zikimwagika. Aliyejichorisha hivyo alijua silaha yake ni ipi. Sheria ya kupiga marufuku biashara ya watumwa ilipitishwa 1807, na ya kufuta utumwa katika makoloni 1833. Clarkson alifariki 1846, mwaka mmoja kabla ya jengo la makumbusho ya kwao kukamilika.

Sasa tuangalie vitambaa kwa karibu. Nguo za pamba za Afrika Magharibi za zama zile zilifumwa kwa mikanda myembamba, mingi yake ya upana wa kiganja, kisha mikanda ikashonwa ubavu kwa ubavu. Uzi ulisokotwa kwa mkono, hivyo huwezi kuupata uliolingana unene mwanzo hadi mwisho, na hapo ndipo jicho hutofautisha na uzi wa kiwanda. Buluu ilitoka kwenye mmea wa nili. Pamba na nili ni vitu vinavyodumu. Adui wao mkubwa ni mwanga, ambao madhara yake hujumlika na hayafutiki. Kiwango tunachokubali kwa nguo za aina hii ni laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), na ndiyo sababu vyumba vyenye nguo za kale huwa na giza linalowaudhi wageni. Sanduku lililofungwa miaka mingi huzitunza nguo kuliko kabati zuri lenye dirisha mbele yake.

Ninacholalamikia ni kwamba kumbukumbu za sanduku zinamhusu Clarkson tu. Tunajua alilala wapi, alizungumza na nani, duka gani lilimuuzia vyuma. Aliyesokota uzi, aliyeutia nili, aliyekaa kwenye kitanda cha kufumia, hawa hawana majina. Kwa Clarkson walikuwa ushahidi wa uwezo wa bara zima, na ushahidi hauulizwi unaitwa nani.

Hoja yenyewe nayo ilikuwa na upande wa pili, na sisi wa pwani tunaufahamu. Wazo kwamba biashara halali ingeua utumwa lilirithiwa na wengi. Desemba 1857 David Livingstone alilihubiri kwa wasomi wa Cambridge, na kutokana na mwito wake ikazaliwa misheni ya vyuo vikuu, UMCA, iliyokuja kujenga kanisa Mkunazini, Unguja, palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873. Wakati huo huo karafuu za Unguja na Pemba, bidhaa halali kabisa iliyopakiwa melini kwenda Bombay na Ulaya, zilikuwa zikichumwa na watumwa. Biashara halali haikuua utumwa. Mara nyingi iliuongezea kazi. Huko Afrika Magharibi mambo hayakuwa tofauti sana kwa mawese.

Makumbusho haya yana mengine mengi ambayo sitayafikia yote. Picha za Samuel Smith, mwenyeji aliyepiga picha za bandari ya Wisbech katika miaka ya 1850, zinamtosha mtu siku nzima. Na ukitembea Fens kumbuka kwamba malaria ya kijidudu Plasmodium vivax iliwahi kuwa ugonjwa wa kawaida kule, watu wakijipoza kwa chai ya vichwa vya afyuni walivyopanda bustanini.

Kuhusu wale wafumaji, nadhani tunaweza kuwakaribia kidogo. Vitambaa vya Afrika Magharibi vya kabla ya 1800 vilivyosalia duniani ni vichache. Ulm, Ujerumani, ina mavazi yaliyokusanywa katika karne ya 17, na Copenhagen ina sampuli alizotuma Peter Thonning, mtaalamu wa mimea wa Denmark, kutoka Pwani ya Dhahabu (Ghana ya leo) mnamo 1800. Ukihesabu nyuzi za mtande (za urefu) na za mshindio (za kukatisha) katika kila sentimita, ukatazama uzi umesokotwa kuelekea upande gani, ukapima upana wa mkanda na namna ya mshono, unaweza kuweka kitambaa cha Wisbech mbele ya hivyo vingine na kusema kinafanana na kipi. Uchunguzi wa rangi huhitaji uzi wa milimita chache tu, na hesabu ya nyuzi hufanyika kwa hadubini palepale, bila kitambaa kutoka chumbani.