Samaki wa Harusi ya Kichina Haleti Utajiri

"Wachina wanaamini kwamba maharusi wakila samaki watatajirika." Sentensi hii, kama si yenyewe basi nduguye, haikosekani harusi ya Kichina inapotajwa: kwenye video, kwenye vipindi vya utalii, hata kwa watu waliokaa Guangzhou miaka kwa biashara. Kinachoniudhi hapo ni hilo "wanaamini".

Vyakula vya ishara katika harusi ya jadi ya Kichina ni vile vinavyowekwa mezani, kitandani au kwenye mizigo ya posa ili vibebe dua kwa maharusi: watoto, neema, kudumu pamoja. Maana yenyewe ndiyo hiyo, haina zaidi.

Kazi iko kwenye namna vinavyoibeba dua hiyo, kwa sababu vingi huibeba kwa sauti. Kichina kina silabi chache kuliko maneno yanayozihitaji, kwa hiyo maneno yasiyohusiana kabisa hutamkwa sawa. Samaki ni yu, na ziada, yaani kile kinachobaki baada ya wote kushiba, nayo ni yu, kwa toni ileile. Anayempeleka mezani samaki mzima, kichwa hadi mkia, anawaambia maharusi: msipungukiwe. Ni kama wewe umwandalie bwana harusi nyama ya paa kwa kuwa unataka mambo yake yapae. Wageni watacheka, watalipata fumbo, na hakuna atakayetoka pale akisema kitoweo kile kina nguvu za kumpaisha mtu.

Fumbo lililo wazi kuliko yote liko kitandani. Katika sehemu nyingi za China, hasa kaskazini, kitanda cha maharusi hutandazwa kunazi nyekundu (si tende, tafadhali, ni jamaa wa kunazi zetu za pwani), karanga, longani (tunda dogo tamu la jamii ya shokishoki) na mbegu za yungiyungi. Kwa Kichina kunazi ni zao, karanga ni huasheng, longani ni guiyuan, mbegu za yungiyungi ni lianzi. Chukua silabi moja kwa kila moja upate zao sheng gui zi, ambayo kwa sikio ni "mzae mapema mtoto wa heshima". Karanga imekatwa kichwa ili sentensi ikae sawa, na wala hakuna anayelalamika.

Halafu utaambiwa desturi hii, kama ilivyo, ina miaka elfu tatu. Haiwezekani. Karanga asili yake ni Amerika, na ilifika China kwenye karne ya 16. Kilicho cha kale kweli ni kunazi. Kitabu cha adabu kiitwacho Yili kinaeleza kwamba asubuhi baada ya harusi bibi harusi alimpelekea baba mkwe kunazi na chesnati (aina ya njugu za mtini), na mama mkwe nyama iliyokaushwa kwa viungo. Wafafanuzi wa enzi ya Han, takriban miaka elfu mbili iliyopita, walizisikia kunazi zile wakasema: zao, mapema, maana yake mke aamke mapema na awe na adabu. Baadaye watu wakazisikia kunazi zilezile, zikiwa na chesnati zilezile, wakasema: mapema, maana yake azae mapema. Imani haibadiliki hivyo kwa sababu tu mtu kasikiliza upya. Fumbo hubadilika.

Na fumbo lina mipaka ya lugha yake. Nane inapendwa kwenye karamu za Guangdong na Hong Kong kwa sababu kwa Kikantoni, lugha ya huko, baat (nane) inakaribiana na faat, kustawi. Nanasi linang'aa kwenye posa za Wahokkien (Wachina wenye asili ya Fujian, kusini) wa Taiwan na Singapore kwa kuwa wao huliita ong lai, na masikioni mwao ni "neema inakuja". Mchina wa Beijing huliita boluo, na hapo nanasi hubaki tunda.

Si kila kitu ni sauti, nakiri. Nguruwe mchanga wa kuchoma wa Wakantoni anasema kwa ngozi yake nyekundu, na zamani familia ya mume ilipompeleka kwa wazazi wa mke siku ya tatu, ilikuwa inathibitisha ubikira wa binti yao (ishara ambayo hatutaililia ikififia). Chai ilikuwa ya posa kwa sababu watu wa zamani walisema mchai hauhamishiki, sharti uoteshwe kwa mbegu, na ndoa nayo isihamishike. Na kibuyu kilichopasuliwa vipande viwili, mume akanywea kimoja na mke kingine, hakihitaji kamusi.

Lakini nikitaka mtu aelewe upesi, humpa mfano wa jiaozi, kama sambusa ndogo ya kuchemshwa. Kaskazini, bibi harusi hulishwa jiaozi iliyopikwa nusu, kisha anaulizwa: "Sheng bu sheng?" Mbichi au si mbichi? Anajibu "sheng", mbichi, na nyumba nzima inashangilia, kwa kuwa sheng pia ni kuzaa, naye amekwishaahidi mbele ya mashahidi. Aliyeuliza anajua, aliyejibu anajua, mpishi aliyeuzima moto mapema anajua kuliko wote.

Kwa hiyo ukiwasimulia wengine, weka "wanawatakia" pale ulipokuwa unasema "wanaamini", na samaki umwache alivyo.