Frumentius wa Aksum: yanayosemwa na yaliyokuwa

Husemwa kwamba Frumentius, askofu wa kwanza wa Aksum, ufalme wa kale katika Ethiopia na Eritrea ya leo, alitumwa na kanisa kuhubiri huko. Aliingia akiwa mateka. Alikuwa kijana wa Tiro, Lebanoni ya leo, akisafiri na mwalimu wake Meropius. Chombo kilitia nanga pwani ya Bahari ya Shamu kutafuta maji na chakula. Mapatano na Warumi yalikuwa yamevunjika, wakauawa wote isipokuwa yeye na mwenzake Aedesius. Wakapelekwa kwa mfalme. Aedesius akawa mnyweshaji, Frumentius akakabidhiwa hazina na barua. Mfalme alipofariki, malkia mjane aliwasihi wabaki wamsaidie kutawala hadi mwanawe akue. Kwa cheo hicho Frumentius aliwatafuta wafanyabiashara Wakristo wa Kirumi, akawapa mahali pa kusali. Habari hizi aliziandika Rufinus, mwanahistoria wa kanisa, aliyezisikia kwa Aedesius mwenyewe.

Wengine hudhani uaskofu wake ulitoka Roma. Ulitoka Aleksandria, Misri. Alikwenda kumwomba Athanasius, askofu wa huko tangu 328, apeleke mtu Aksum. Athanasius akamweka wakfu yeye aliyekuja kuomba. Karibu na mwaka 356, Kaisari Constantius II aliwaandikia Ezana na Saizana, watawala wa Aksum, wamrudishe Misri akahojiwe na George, askofu wa upande wa Kiario, waliokana kwamba Mwana ni sawa na Baba. Athanasius ndiye aliyeihifadhi barua hiyo ya hasimu wake.

Je, Ezana alipoamini, nchi nzima iliamini? Tazama sarafu zake: za awali zina mwezi mwandamo na duara, alama za dini ya zamani, za baadaye zina msalaba. Katika maandishi ya mawe anajiita kwanza mwana wa Mahrem, mungu wa zamani wa Aksum, baadaye anamtaja Bwana wa mbingu, na jiwe moja la Kigiriki linataja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Hayo ni ya ikulu. Vijijini, mapokeo ya Ethiopia yenyewe huwapa sifa Watakatifu Tisa, watawa waliofika zaidi ya karne moja baadaye.

Na yule towashi wa Matendo 8, ambaye wengi humdhania kuwa mtu wa Ethiopia hii? Biblia ya Kiswahili inamwita mtu wa Kushi, na ndivyo. Kandake ni cheo cha malkia wa Meroe, Sudan ya leo.

Kosa la mwisho ni kudhani kwamba maaskofu wakuu waliomfuata walikuwa Waethiopia. Desturi ya kuletewa abuna, yaani askofu mkuu, kutoka Misri ilidumu hadi karne ya 20. Basilios, Mwethiopia, alipata uaskofu mkuu mwaka 1951, na upatriaki 1959.